Nilivyojidai mpenda baridi

Mume wangu alinionya mapema. "Wewe hupendi baridi," alisema. "Wewe unapenda kipupwe cha Dar." Nikamwona ana wivu tu, maana yeye likizo alinyimwa, na mimi ndiye niliyekuwa nafunga begi kwenda kwao Njombe katikati ya Julai, nikiwa na sweta moja la Kariakoo jepesi kama leso.

Nijieleze kidogo. Mimi mzaliwa wa Temeke, na mwaka wangu nauhesabu kwa joto. Kaskazi ikianza kuvuma Desemba, siongeleki. Januari na Februari usiku kazi ni kugeuza mto, feni inazungusha hewa ileile ya moto, na umeme ukikatika saa nane unasikia mtaa mzima ukiguna kwa pamoja. Nguo inakauka kwa nusu saa lakini aliyeianika kalowa. Ugomvi wangu na majirani, nikiupigia hesabu, karibu wote ni wa Februari: ndoo ya maji, takataka, mtoto wa nani kampiga mtoto wa nani. Machi masika inaingia, tunashukuru siku tatu za kwanza, halafu bonde la Jangwani linajaa maji, viatu vinaota ukungu kabatini, na mimi nanuna kwa sababu mpya. Kisha inafika Juni. Kusi inavuma kavu, asubuhi unajitanda khanga mbili, chai inanoga, hata kondakta anakurudishia chenji bila kudaiwa.

Basi nikaamini mimi ni mtu wa baridi. Kama nyuzi 19 za alfajiri ya Dar zinanifanya niimbe jikoni, Njombe si nitacheza kabisa?

Basi liliondoka Mbezi saa kumi na mbili, giza bado. Kilomita kama 700 ziko mbele. Hadi Morogoro nililala. Mikumi niliamshwa na watoto wa kiti cha nyuma waliokuwa wakigombania dirisha, na kweli, twiga watatu walikuwa wamesimama karibu na lami kama abiria waliokosa gari. Baada ya hapo barabara inashuka kwenye bonde la mibuyu, na hapo ndipo safari ilinidanganya. Mibuyu Julai haina majani, imebaki mikono mitupu. Ruaha Mbuyuni palikuwa na joto la kwetu kabisa. Wauza vitunguu wakakimbilia madirishani, jasho likawatiririka wao na sisi. Nikavua sweta, nikalitia ndani kabisa ya begi, na begi likarudi kwenye buti. Kosa la kwanza hilo.

Halafu Kitonga. Mlima ule basi haliupandi, linauomba. Malori yamejipanga, injini zinaunguruma, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili usitazame. Masikio yakaziba, yakazibuka. Jiografia ya sekondari ilinirudia pale: ukipanda mita 1,000, joto linashuka nyuzi kama sita. Tulipotoka juu, kijana aliyekuwa amefungua dirisha tangu Chalinze akalifunga mwenyewe bila kuambiwa.

Iringa upepo ulikuwa unapuliza vumbi na watu wametembea wameinama. Mafinga, abiria wenyeji wakaanza kujivika: makoti yenye manyoya, kofia za sufu, mama mmoja akafunga kitenge juu ya blanketi juu ya koti. Mimi nimekaa na blauzi. Makambako, magari ya Mbeya yakashika njia yao na sisi tukakata kushoto kuelekea kusini, jua linazama nyuma ya misitu ya misindano, na kioo kikaanza kutoa jasho kwa ndani. Niliposhuka stendi ya Njombe, saa moja na kitu usiku, pumzi yangu ilitoka mdomoni kama moshi wa sigara. Nikacheka peke yangu. Nikavuta nyingine nione tena.

Wifi alikuwa akinisubiri. Akanitazama kuanzia juu hadi kwenye ndala.

"Wifi, ndiyo umevaa hivyo?"

"Sweta liko kwenye begi."

"Begi liko wapi?"

Begi lilikuwa chini kabisa ya buti, chini ya magunia ya watu. Tulipolitoa, sikuyasikia tena masikio yangu. Tukapita kwa muuza mitumba aliyekuwa anafunga, nikanunua koti zito la kijani la mwanamume, lenye harufu ya naftalini, na sikulivua tena kwa siku sita, hata mezani.

Kwa wakwe zangu ni upande wa Uwemba, juu zaidi ya mjini. "Kamwene," waliniamkia jamaa waliokuwepo, nami nikaitikia "Kamwene" huku meno yanagongana, wakacheka. Mama mkwe nilimpigia magoti, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba mwanangu," na papo hapo akanivuta jikoni, akanipa kigoda karibu na moto, upande usioelekewa na moshi. Nilijua ni heshima. Ukikaa pale mbele unaungua na nyuma unaganda, kwa hiyo mazungumzo yote yanaendeshwa huku mtu anajigeuza kama muhindi wa kuchoma.

Muda wa kulala nikaomba jiko la mkaa niingie nalo chumbani, hata kwa nusu saa. Mama mkwe, ambaye hajawahi kunipandishia sauti tangu niolewe, alinijibu kwa mkato: "Hapana. Watu wanalala na jiko, hawaamki." Moshi wa kuni unauona na unakukohoza, alisema, wa mkaa haukuambii kitu. Nikapewa mablanketi matatu. Mazito kiasi kwamba kugeuka ilikuwa kazi ya kupangiwa ratiba.

Siku ya kwanza ilikuwa ya picha. Ukungu umeshuka hadi mlangoni, miti inaonekana nusu, jogoo anawika lakini humwoni. Nikawatumia watu wa Dar, wakanijibu kwa vicheko na wivu. Siku ya pili ukungu uleule, na mvua nyembamba isiyofika kuitwa mvua. Nguo nilizofua jana zilikuwa zinanisubiri kwenye kamba na maji yao yote. Siku ya tatu niliamka saa moja asubuhi, maana huku jua linachelewa kuliko Dar kwa kama dakika 20, nikafungua dirisha, nikaona weupe uleule, nikalifunga nikarudi kitandani. Sikuwa mgonjwa. Sikutaka kuongea na mtu, basi. Mume wangu alipopiga simu akanitajia tu kwamba kapita Feri kanunua kibua, machozi yakanitoka. Kwa kibua! Samaki ambaye nikiwa Dar namwona wa kawaida kabisa.

Nina binamu yuko Edmonton, Kanada. Aliwahi kuniambia kwamba Desemba mchana wao haufikishi urefu wa saa nane, na kwamba amenunua taa maalumu ya kukaa mbele yake kila asubuhi ili moyo usimzame. Nilimcheka sana, nikamwambia hiyo ni njaa ya ugali. Pale chini ya mablanketi nilimwomba radhi kimoyomoyo. Na mimi hata sikuwa na kisingizio chake: kwa Njombe, mchana mfupi wa Juni na mchana mrefu wa Desemba tofauti yao ni kama saa moja tu. Jua lilikuwepo juu huko, linafanya kazi yake. Ila halikuwa linanifikia.

Mchana huo mama mkwe aliniita nikamsaidie kupukuchua mahindi. Mahindi ya huku yanakaa shambani zaidi ya miezi sita, baridi inayachelewesha, na Julai ndiyo yanaingia nyumbani. Tukakaa sebuleni yeye na mimi, gunzi juu ya gunzi, nikamuuliza hivi wanawezaje. Akashangaa. Kwake Julai ndio mwezi mzuri kuliko yote: hakuna palizi, mguu mkavu, chakula kiko ndani, na wageni wanakuja, "kama wewe". Asichokipenda ni Januari, tope hadi magotini, jembe kila siku, na gunia linaonekana chini. Wifi alikuwa anapita na ndoo, akapinga. Yeye ni mtu wa Machi na Aprili, mahindi mabichi yapo na ulanzi, pombe ya mianzi, unatiririka. "Wakati wa ulanzi hata wanaodaiwa wanacheka," alisema. Nikamuuliza kama naweza kuuonja. Akaniambia nimekuja wakati mbaya, mianzi inagemwa mvua ikiwepo, nirudi mwakani. Joto la Dar hawakulitaja kabisa, wala la kulipenda wala la kulichukia.

Jioni ya siku hiyo ya tatu, upepo ukakata na ukungu ukaondoka. Uliondoka kama mtu aliyekumbuka ana safari. Nilitoka nje saa mbili usiku nikakuta mbingu imefunguka yote, nyota zimesongamana hadi hakuna pa kuchomeka sindano, kilima cha ng'ambo kinaonekana hadi miti yake. Moyo ukanipanda. Nikaimba. Nikamwita wifi aje aone.

Akaja, akatazama juu, akasema, "Leo kweupe." Akasimama kidogo, akakagua kama majani ya migomba yanatikisika. Hayakutikisika. Akaingia ndani. Chakula hakukimaliza. Nikadhani nimemuudhi kwa kuimba, maana mgeni hujui.

Alfajiri alinigongea. "Wifi, vaa koti, twende kinyunguni."

Vinyungu ni bustani zao za bondeni, kandokando ya kijito, ambako udongo unabaki na unyevu wakati milima imekauka. Humo ndimo zinamotoka hela za Agosti na Septemba, ada za shule zikiwemo. Tukashuka. Majani ya njiani yalikuwa yanavunjika chini ya miguu, kre, kre, kama unakanyaga maganda makavu. Nikaokota jani moja: pembeni limeshonwa nyuzi nyeupe za barafu, ndogo kuliko chumvi, zikayeyuka kidoleni kabla sijamwonyesha. Vitabu vinaiita sakitu. Wifi aliita barafu tu, na aliitamka kama mtu anavyotaja jina la mdai.

Kabichi zilikuwa zimesimama, nyeupe mgongoni lakini nzima. Maharage yalikuwa yamelala. Viazi, tuta la juu vilipona, ila tuta la chini kabisa karibu na maji, hewa ya baridi inakojikusanya kwa kuwa ni nzito, vilikuwa na majani ya kijani iliyokolea, yanang'aa, kama yamemwagiwa mafuta. Wifi alichota maji kijitoni akaanza kuyanyunyizia kabla jua halijafika. Nikachukua kopo la pili. Vidole viliniuma hadi nikavitia mdomoni. Jua lilipogusa tuta lile, kama saa mbili hivi, yale majani yalianza kuwa meusi mbele ya macho yetu, yakakunjamana kama ya mchicha uliotiwa kwenye maji ya moto.

"Shina likiwa zima litachipua," alisema. "Tutaona."

Wakati tunapanda kurudi ndipo aliponifafanulia, bila kulaumu. Ukungu na mawingu ni blanketi. Usiku ardhi inabaki na joto lake kidogo. Mbingu ikiwa wazi na upepo umekufa, joto lote linapanda linakwenda zake, na ubaridi unateremka bondeni kama maji. Siku zile tatu nilizokuwa nimejifunika nikilia kibua, yeye alikuwa analala usingizi mzuri.

Sikumwambia kuhusu kuimba. Nadhani alisikia.

Siku mbili zilizobaki kulikuwa na jua la mchana, zuri mno, jua lisilokutoa jasho. Nilikaa ukutani nikaota jua na vikongwe wa jirani, koti mwilini. Nguo zikakauka. Nikachangamka kweli, siwezi kudanganya, mwili hauulizi ruhusa. Lakini ikifika saa kumi na mbili jioni nilijikuta na mimi natazama migomba.

Nilirudi Dar na gunia la viazi vya tuta la juu, parachichi, na debe la mahindi. Kushuka Kitonga masikio yaliziba tena. Ruaha Mbuyuni dirisha likafunguliwa, joto likaingia mzimamzima, na abiria wote wakaanza kuongea kwa wakati mmoja, sijui kwa nini. Nikavua koti, nikalikunja mapajani. Harufu ya naftalini ilikuwa imeisha, linanuka moshi wa kuni.

Simu ikapata mtandao, ikaingia meseji ya wifi: "Mmefika wapi? Huku ukungu umeshuka tena, hata choo hakionekani."

Nikamjibu, "Poleni jamani."

Akarudisha palepale: "Pole ya nini wifi? Leo tunalala."