Walinivunjia mkataba wa usambazaji, nikachukua zuio mahakamani baada ya kila mtu kuniambia haiwezekani

Kuna sentensi moja nikiisikia damu inachemka: "mkataba wa biashara ukivunjwa we dai fidia tu, zuio hupati." Zuio ni ile amri ya mahakama inayomkataza mtu kufanya jambo fulani hadi kesi iishe. Niliambiwa hivyo na mshauri wa biashara, nikaambiwa na mhasibu wangu, nikaambiwa na jamaa mmoja aliyesoma sheria akaishia njiani, na mwisho akanipigia meneja mauzo wa kampuni ileile iliyonivunjia mkataba, kwa sauti ya upole kabisa, eti ananishauri kama ndugu nisijisumbue na mahakama. Huyo wa mwisho ndo alinizindua. Mtu anayekudhulumu akikwambia pale usiende, we nenda palepale.

Kwa kifupi, mi nilikuwa msambazaji pekee wa pampu za maji za chapa moja pamoja na vipuri vyake. Mkataba unasema ndani ya eneo langu mwenye mali hamuuzii mtu mwingine yeyote, na mimi siuzi chapa ya mshindani. Nikajenga mtandao wa mawakala, mafundi nikawasomesha kwa hela yangu, stoo ikajaa. Ikaja imeili, mkataba umekoma kuanzia leo, sababu eti nachelewa kulipa invoisi na sijafikisha lengo la mauzo. Sasa mkataba wenyewe unasema ukiona nimekosea unaniandikia notisi, unanipa siku 30 nirekebishe, nisiporekebisha ndo unavunja. Notisi hiyo haikuwahi kuja. Na sababu yenyewe hasa haikuchukua muda kujulikana, maana mawakala wangu walianza kupigiwa simu na kampuni nyingine kubwa kuliko mimi wakiambiwa kuanzia sasa mzigo mnachukua kwetu.

Wakili wa kwanza nililetewa na rafiki. Kijana ana spidi, kaongea sana, falsafa yake moja tu: jaji anapenda namba. Basi mhasibu akakaa na kompyuta akatoa jedwali, na jamani lile jedwali lilikuwa zuri, sina budi kulisifia, rangi rangi, faida ya kila mwezi hadi mwisho wa mkataba, kila aina ya pampu na safu yake, riba imo, chini kabisa jumla kuu imekolezwa wino. Likabandikwa kwenye hati ya kiapo kama kielelezo cha kwanza kabisa. Tukaingia na hati ya dharura, tukaomba tusikilizwe upande mmoja tupewe amri kabla wale hawajajua.

Jaji kafungua kurasa taratibu, akafika kwenye jedwali, akashuka na kalamu mstari kwa mstari mpaka kwenye jumla. Akauliza, "Wakili, hii ndiyo hasara ya mteja wako?" Kijana akajibu kifua mbele, "Ndiyo mheshimiwa, imepigwa hesabu hadi senti ya mwisho." Jaji akavua miwani. "Kama imepigwa hadi senti ya mwisho, basi akishinda kesi atalipwa hiyo hadi senti ya mwisho. Zuio unaliombea nini?" Kijana akafungua faili, akafunga, akafungua tena. Nilikuwa nimekaa nyuma yake naiona shingo inavyotoa jasho. Maombi hayakutupwa, ila jaji alikataa kutoa amri yoyote bila kuwasikia wenzetu, akaagiza wapelekewe nyaraka waje wajibu. Mhasibu wangu mpaka leo ukimtajia jedwali anabadilisha mada.

Nikabadilisha wakili. Wa pili ni mama mtu mzima, haongei sana, kasoma faili lote mbele yangu bila kuinua macho halafu akasema, "Mwanangu, hili jedwali kaliweke kwenye kesi ya msingi, huku litoe machoni pangu." Ndo akanieleza kitu ambacho wale washauri wote wa bure hawakukijua. Mahakama ikiombwa zuio la muda inaangalia mambo matatu. Kwanza una kesi ya maana au unabahatisha. Pili usipopewa zuio utapata madhara ambayo hela haiwezi kuyarudisha. Tatu, kukiwa na mashaka, nani ataumia zaidi, wewe ukinyimwa au yeye akizuiwa. Afrika Mashariki mawakili hawaachi kutaja kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya 1973, Uingereza wanataja kesi ya American Cyanamid ya 1975, maneno yanatofautiana kidogo ila ugomvi wa wasambazaji karibu wote unakwama hapo kwenye la pili. Mwenye mali atasema tu: huyu ni mfanyabiashara, hasara yake ni faida, faida inahesabika. Na sisi tulikuwa tumemhesabia wenyewe!

Kwa hiyo tukaomba ruhusa ya kiapo cha nyongeza, na humo hakuna namba ya faida hata moja. Tukaweka vitu vingine. Wateja wenye pampu zilizo ndani ya waranti ambao fundi wao ni mimi, na vipuri nikikatiwa nao wamekwama. Mafundi watatu tayari wameitwa na yule mpya. Barua ya wakala mmoja anayesema kwa masikitiko kwamba anang'oa bango langu kwa sababu hajui nitakuwepo au la. Na hili hapa ni muhimu sana, kwamba sehemu kubwa ya biashara yangu ni hiyo chapa, maana mkataba ulinikataza kuuza nyingine, kwa hiyo wakinikata sipungukiwi faida, nafunga mlango. Mama wakili akaniambia hata Marekani mwaka 1970, kwenye kesi ya Semmes Motors dhidi ya Ford, mahakama ilimlinda muuza magari kwa zuio la muda, hoja ikiwa kwamba mtu anataka kuendelea na biashara yake ya kuuza magari, hataki kugeuzwa mtu wa kula fidia. Hiyo hoja ilinikaa kichwani nikawa nairudia hata bafuni.

Sasa nije kwenye kitu ninachojivunia, ingawa sifa nusu ni za mama wakili. Alinilazimisha nimsomee mkataba wote kwa sauti, kuanzia mwanzo, na mi nikiruka anasema rudi. Tumefika kule nyuma ambako hakuna mtu anafika, kwenye vifungu vya maandishi ya kubana macho, nikasoma: hakuna upande utakaowajibika kwa faida iliyopotea, wala kwa kuharibika kwa jina la biashara, na fidia yoyote haitazidi kiwango fulani kidogo kilichotajwa hapo. Nikasoma kwa huzuni, nikijua hapa ndo nimekwisha. Akanyanyua mkono. "Rudia." Nikarudia. Akacheka, mara yangu ya kwanza kumwona anacheka. "Wao wamejibu nini kwenye kiapo chao?" Wamejibu fidia inatosha. "Na mkataba walioandika wenyewe unasema nini?" Unasema hiyo fidia hawalipi.

Elewa hapo. Kile kifungu walichokiweka kujikinga ndo kilichowachoma. Huwezi kumwambia jaji huyu bwana atafidiwa vizuri tu halafu mfukoni una karatasi inayosema faida iliyopotea hailipwi. Na halikuwa wazo la kubuni usiku ule, kuna kesi ya Uingereza ya 2014 inaitwa AB dhidi ya CD, majina yamefichwa, nayo ilihusu leseni iliyovunjwa na mwenye nayo, na mahakama ya rufaa ikakubali kwamba kama mkataba unabana fidia, jaji anaruhusiwa kulitazama hilo anapopima kama fidia inatosha au haitoshi. Kwa hiyo kabla hujalia kwamba mkataba wako ni mbaya, usome mpaka nyuma kabisa, ubaya mwingine ni mtaji.

Jambo lingine ambalo wakili wa kwanza alikosea ni namna ya kuomba. Aliandika tunaomba mahakama imwamuru mwenye mali aendelee kutuletea mzigo. Majaji hawapendi hiyo, kumlazimisha mtu kufanya kazi na mtu asiyemtaka, kisha nani atasimamia kila kontena? Mama akageuza: tunaomba azuiwe kumuuzia mtu mwingine ndani ya eneo, na azuiwe kumtambulisha mwingine kama msambazaji, hadi kesi iishe. Basi. Hatujamlazimisha kutuuzia hata bolti. Ila akitaka kuuza kwenye eneo hilo njia imebaki moja, na kampuni yenye maghala yamejaa haiwezi kukaa bila kuuza kwa sababu ya hasira.

Yule msambazaji mpya naye tulimuunganisha kwenye kesi, maana ukizuia mmoja mwingine atasema mi sikujua.

Halafu kuna hili la usuluhishi. Mkataba ulisema mgogoro uende kwa wasuluhishi nje ya nchi, yaani watu wanaoteuliwa kuamua kesi badala ya jaji, jamaa yangu yule aliyeishia njiani akaapa kwamba mahakama haina mamlaka kabisa. Uongo. Kesi ya msingi ndo inaenda kwa wasuluhishi, lakini ulinzi wa muda unaruhusiwa kuuomba mahakamani, sheria ya mfano ya UNCITRAL, kile chombo cha Umoja wa Mataifa cha sheria za biashara, ya 1985 imelisema kwenye kifungu cha 9 na nchi nyingi zimeichukua. Hata ile AB na CD ilikuwa hivyohivyo, usuluhishi pembeni na zuio mahakamani. We angalia sheria ya kwenu tu, na mwambie wakili aandike wazi kwamba zuio ni la kusubiri wasuluhishi.

Kuhusu kuchelewa kulipa, hili tulilisema wenyewe kwenye kiapo ukurasa wa mwanzo, tarehe zote. Mawakili wao walikuwa wamelishikilia kama karata ya mwisho wakakuta limeshachezwa. Ukienda kuomba amri upande mmoja ukaficha kitu, wenzio wakija wakakifichua zuio linaweza kufutwa hata kama ulikuwa na haki. Na kiukweli ilikuwa ni kuchelewa kwa siku chache, miaka yote wanapokea hela na kutuma mzigo mwingine bila barua yoyote. Kuna kesi ya 1971, Decro-Wall, kampuni ya Ufaransa ilitaka kumtupa msambazaji wake wa Uingereza kwa sababu hiyohiyo ya malipo kuchelewa, kati ya siku 2 na 20, mahakama ikasema hiyo haitoshi kuuvunja mkataba papo hapo, na kwa vile haukuwa na muda maalumu, notisi ya haki ingekuwa miezi 12. Tangu ile imeili ifike mi nililipa kila kilichobaki, na kile kiasi tulichokuwa tunabishania nikajitolea kukiweka mahakamani, ili mtu asipate la kusema.

Mtu asikudanganye kwamba zuio ni la bure. Unaweka ahadi ya fidia, yaani ukipewa zuio halafu mwisho ukashindwa, hasara yote mwenzio aliyopata kwa kuzuiwa unailipa wewe. Mke wangu aliisoma ile karatasi akaniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Gharama za wakili nazo zinauma, kwangu zilifika kama faida ya miezi kadhaa hivi, sijataka kujumlisha. Na usichelewe, hilo ndo linaua watu wengi, mtu anakaa anabembelezana kwa imeili msimu mzima halafu anakwenda na hati ya dharura, jaji anamuuliza dharura ilikuwa imelala wapi.

Siku ya kusikilizwa pande zote mbili wakili wao aliongea vizuri kweli, uhuru wa biashara, uhusiano umeharibika, imani imetoweka. Mama akasimama kwa muda mfupi tu, akasoma kile kifungu cha nyuma neno kwa neno, akauliza hiyo fidia wanayoisema italipwa chini ya kifungu gani, akakaa. Jaji akamgeukia wakili wao kusubiri jibu na jibu likawa refu sana.

Tulipewa zuio, na masharti yake: mzigo mpya nalipia kabla haujapakiwa, ahadi ya fidia inabaki, usuluhishi uanze haraka tusije tukalala na zuio mkononi. Hilo la kulipa kabla lilinibana shingo miezi ya mwanzo, nikauza gari moja la kusambazia. Wao waligoma kutuma kwa muda, kama tulivyotegemea, kisha maghala yakawazidi nguvu wakatuma.

Kwa wasuluhishi hatukumaliza. Waliomba tukae, na safari hii aliyekuja sio meneja mauzo. Nilipata notisi ya mwaka mzima huku upekee wangu ukiheshimiwa, mawakala wangu wasiguswe ndani ya muda huo, na mwisho wake mzigo wote uliobaki stoo wakaununua wenyewe kwa bei ya invoisi, usafiri juu yao.