Siku moja na kabati la mvule

Saa kumi na moja na nusu alfajiri niko kwenye feri ya Likoni, kamba begani, mizani ya kupimia watu kwenye kiroba. Wanaoiona hudhani napima uzito barabarani kwa shilingi kumi. Mimi hamali, nahamisha vyombo vya nyumba.

Saa mbili: vitanda na friji, Majengo hadi Tudor. Hakuna maneno.

Saa nne, Mji wa Kale. Kichochoro hakipitishi pikapu, kabati liko ghorofa ya pili, ngazi zimesimama wima.

"Jepesi hilo mwanangu, watu wawili tu."

"Ni mvule, mama." Nikatoa futi, nikapima mbao zote, mbavu, milango, mgongo, rafu: karibu robo ya mita ya ujazo. Mvule mkavu ni kama kilo 640 kwa mita ya ujazo. Nikamwambia kilo 160.

"We hamali au mwalimu?"

Basi tukapima. Upande mmoja juu ya mizani, wa pili juu ya kigogo chenye kimo hichohicho, lisiiname, kisha tukageuza. Wengine husoma upande mmoja wakazidisha kwa mbili. Kwa meza sawa, lakini kabati hujui limemeza nini. Kushoto 79, kulia 104. Jumla 183!

Droo ya kulia ilikuwa na kufuli. Ufunguo uko kwa bintiye Kisauni. Tukangoja, boda ikauleta, na ndani mkatoka kinu cha shaba, mchi wake, pasi mbili za makaa na sahani chungu nzima. Kupima tena: 161. Nikamtazama mama. Akatazama dirishani.

Nikaita wenzangu, tukawa wanne. Milango akakataa tuing'oe, eti tutaharibu bawaba. Ngazini kabati likiinama, uzito humshukia wa chini. Wa juu anaongoza tu. Wa chini ni mimi. Adhana ya adhuhuri ilitukuta konani, kabati limekwama, shavu langu limebanwa ukutani, na mama juu anasema, "Polepole, la marehemu hilo." Hatimaye akakubali milango ing'olewe. Alilipa watu watatu. Wa nne alipewa kahawa.

Baada ya hapo kulikuwa na kochi, sijui la nani, na mkokoteni wenye pancha.

Kwenye feri ya kurudi kijana akaiona mizani. "Kupima pesa ngapi, mzee?"

"Kumi."

Akavua viatu, akapanda. Kilo 68.