Intavyuu za saikayatri, mama yangu, na neno arosto

Nianze na mama maana bila yeye hii stori hainogi. Siku namwambia nimeaplai rezidensi Marekani, yaani mafunzo ya ubingwa kwa daktari aliyemaliza chuo, alifurahi mpaka akampigia shangazi Tanga hapo hapo, alafu simu ikiwa bado sikioni akaniuliza, unaenda kusomea nini mwanangu, nikasema magonjwa ya akili. Kimya. Shangazi anasikika tu huko haloo, haloo. Kisha mama: "Mitihani yote hiyo, hela yote hiyo, ili ukawe daktari wa vichaa? Si ungebaki tu, Mirembe si ipo hapo Dodoma." Na neno Mirembe, ile hospitali ya magonjwa ya akili, alilitamka kwa ile sauti tunayoijua wote, ile ya kumwambia mtu kachanganyikiwa.

Sasa kwa kuwa wadogo zangu wa chuo wananiuliza kila siku, dada ulifanyaje, ngoja niseme, ila karatasi nitazipitia mbio mbio maana mambo ya karatasi kila mtu anayaeleza. Kuna mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani: Step 1 siku hizi ni kufaulu au kufeli tu, tangu Januari 2022 haina alama, kwa hiyo mzigo wote wa alama umehamia kwenye unaofuata, Step 2 CK. Mi zote nilifanyia Nairobi, basi kutoka Dar kupitia Namanga, nafika miguu imevimba kama maandazi, napumzika siku moja alafu nakaa mbele ya kompyuta masaa 8 kwa Step 1, 9 kwa Step 2 CK. Kila mtihani ni zaidi ya dola 1,000. Kuna na OET, mtihani wa Kiingereza. Ukimaliza hapo ndo ECFMG, wale wanaothibitisha madaktari waliosoma nje ya Marekani, wanakupa cheti cha kusema sawa, huyu ni daktari kweli, na ndo unaanza sasa safari yenyewe.

Hela nyingine inaliwa kwenye ERAS, ule mfumo wa kutuma maombi kwa programu, yaani hospitali zinazofundisha. Msimu wangu, wa 2024 kuingia 2025, ilikuwa dola 11 kwa kila programu mpaka ya 30, kuanzia ya 31 ni dola 30 kila moja. Mi nilituma 70. Piga hesabu: 330 jumlisha 1,200, dola 1,530, milioni nne na ushee za kwetu, na nakwambia ukweli kama nusu ya hizo nilizitupa baharini kwa mikono yangu mwenyewe, maana sikuangalia kama programu inapokea watu wa viza ya J-1, ile ya wageni wanaoenda kujifunza, sikuangalia kama wanataka uwe umefanya kazi kliniki za Marekani kwanza, sikuangalia wanataka mtu aliyemaliza chuo miaka mingapi nyuma, nilikuwa natuma tu kama mtu anayegawa kadi za mchango wa harusi. Ningerudia leo ningetuma 40 nilizozisoma moja moja. Unapewa pia ishara 10, yaani programu 10 unazoziambia rasmi kwamba nyie ndo nawataka sana, na mimi tatu nikazipeleka kwenye majina makubwa kwa ajili ya sifa tu, hata barua ya kukataliwa sikupata, kimya kama kaburi.

Na kwenye hilo la kliniki za Marekani nilipigwa. Kuna watu mtandaoni, jina naliacha, wanakutafutia sehemu ya kukaa mwezi mmoja na daktari wa huko uangalie kazi. Nikatuma hela, nikapata risiti nzuri sana yenye nembo ya rangi, na tarehe ya kwenda mpaka leo naisubiri.

Barua za mapendekezo nazo zina kituko chake. Nyumbani si tunajua, unamwendea bosi, shikamoo dokta, marahaba, naomba barua, anakwambia andika mwenyewe niletee nisaini. Kule haiendi hivo. Barua anaiandika yeye, anaipandisha yeye kwenye mfumo, na wewe unakubali kabisa kwamba hutaisoma. Bosi wangu ni mtu mzima, kompyuta yeye na yeye hawapatani, kwa hiyo nikakaa pembeni namwelekeza bonyeza hapa, sasa hapa, na kila barua inapotokea anageuza skrini ukutani nisione, alafu ananiuliza "sasa nabonyeza wapi?" Naangalia ukuta nabahatisha. Dakika arobaini.

Zikaja intavyuu 5. Tano kati ya 70, nilifurahi utadhani nimepewa nchi. Zote kwenye Zoom, tangu korona imekuwa hivo, na kwa mtu wa kutoka huku ni neema kwa sababu nauli tu ingenimaliza.

Ya kwanza ilikuwa wiki ya kwanza ya Novemba, na hapa kuna jambo ambalo hakuna aliyeniambia: Wamarekani wanarudisha saa nyuma mwanzoni mwa Novemba. Mi nimekariri tunapishana na wale wa mashariki masaa 7, kumbe Jumapili ile imekuwa 8. Nikawa tayari saa kumi jioni, juu koti, chini kanga, feni nimezima isipige kelele, nikakaa kwenye kile chumba cha kusubiri cha Zoom lisaa lizima natokwa jasho nikiamini wamenitupa. Wanaingia nimelowa.

Swali la kwanza: tueleze kuhusu wewe. Nilikuwa nimeangalia video kibao za jinsi ya kujibu, nikamwaga yote kama shairi la shule, nimesoma hapa, nikafanya intani pale, tulianzisha hiki, tuliboresha kile, tulifikia wagonjwa wale. Yule mama aliyekuwa ananihoji akanisikiliza mpaka mwisho akasema vizuri, na wewe mwenyewe ulifanya nini? Nikasema tulifanya... Akatabasamu. Wewe. Jamani, nilikwama. Mimi nimelelewa pwani, mtu akikusifia unasema aah kawaida tu, ni Mungu, ni juhudi za wote, na ukikaa mbele ya mkubwa huanzi mimi mimi mimi, utaambiwa mtoto huyu ana majivuno. Hata macho, mkubwa akiongea unainamisha, na wao walisema kwenye maoni (nilikuja kuambiwa na mtu wa huko baadaye) kwamba nilionekana kama nasoma kitu mezani. Sikuwa nasoma. Nilikuwa na adabu.

Na wataalamu wa akili wana silaha moja ambayo mpasuaji hana, ukimaliza kujibu wananyamaza. Wanakuangalia tu. Mimi ukimya ule ukanishinda nikaanza kuongezea maneno, nikaongezea na mengine, nikajikuta naelezea foleni ya Mbagala. Ndo kazi yao, kukaa kimya mtu aongee, na mimi nimeenda kuomba kujifunza kazi hiyo hiyo na kimya cha sekunde tano kinanitoa jasho.

Ya pili afadhali kidogo. Waliniuliza mgonjwa aliyenipa shida, nikawaambia kuhusu dada mmoja aliyekunywa sumu tukamwokoa, na akiwa bado ana mpira puani askari amekaa kwenye kiti nje ya wodi, maana kwetu kujaribu kujiua bado ni kosa kwenye sheria. Nikawaeleza nilivokaa nae bila kujua nimwambie nini, alichoniuliza sio kama atapona, aliniuliza kama atafungwa. Hapo hakuna aliyeniuliza wewe ulifanya nini. Walielewa. Ila mwisho nikaulizwa una swali lolote kwetu nikasema hapana asanteni, kwa adabu zangu zile zile, kumbe kusema hapana ni kama kuwaambia sina shida na nyie. Uliza bana, uliza nani anakusimamia ukijifunza tiba ya mazungumzo, uliza zamu za usiku zikoje mwaka wa kwanza, uliza kuhusu viza kama haijasemwa.

Ya tatu ndo nataka kuielezea.

Mi baada ya intani nilifanya kazi kliniki ya methadone, dawa wanayopewa wanaoacha unga, yaani heroini. Wengine hamjui, ya kwanza kwetu ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2011, kabla ya nchi nyingi za Afrika hazijathubutu, na sasa zipo kadhaa. Kila asubuhi watu wanapanga foleni kidirishani, anakunywa dozi yake mbele ya nesi, anafungua mdomo kuonyesha amemeza, anaondoka kwenda kazini kama ana kazi. Kila siku, Jumapili, Idi, Krismasi. Mtaani wanawaita mateja. Kwa kweli nilipangiwa pale sikuomba, na miezi ya kwanza nilikuwa natafuta mtu wa kunihamisha.

Aliyenihoji ni mtaalamu wa mambo hayo hayo ya uraibu, kichwa cheupe, amevaa sweta. Hakusema nieleze kuhusu wewe. Akauliza, wagonjwa wako wanaiitaje ile hali dawa inapoisha mwilini? Nikasema arosto. Akasema rudia. A-ro-sto. Akaandika. Inatoka wapi? Sijui dokta, ya mtaani. Wanaielezeaje?

Nikamkumbuka fundi. Kuna mjomba mmoja fundi cherehani, kaacha unga akiwa na miaka zaidi ya arobaini, yeye alikuwa ananiambia "dada dokta, arosto haikuumi, arosto inakudai. Ni kama mwenye nyumba mwisho wa mwezi, unazima taa, unanyamaza, na yeye anajua umo ndani." Nikamtafsiria yule daktari. Akacheka, alafu akaacha kucheka. Kutoka hapo sikumbuki nilichosema kwa mpangilio, niliongea kuhusu fundi anavokuja na nguo za watu begani, kuhusu mkewe aliyekuwa anakuja nae miezi mitatu ya kwanza kuhakikisha amemeza, kuhusu siku nilipotaka kumpunguzia dozi kwa haraka kwa sababu nilidhani kupona ni kuacha kila kitu, na yeye akaniambia polepole mbele za watu, dokta, unaniharakishia wapi? Hilo kosa nililitaja mimi mwenyewe bila kuulizwa. Katikati adhana ya magharibi ikaanza msikiti wa jirani, nikaomba radhi, akasema hapana, tusubiri iishe. Tukasubiri wote wawili kimya, na kile kimya hakikunitoa jasho.

Nikagundua nilikuwa nimesema "mimi" karibu kila sentensi na sikujisikia najisifu hata chembe, maana nilikuwa namwongelea fundi. Mimi nilikuwepo tu ndani ya stori.

Akaniuliza mwisho kwa nini usisome nyumbani, MMed, ile shahada ya ubingwa ya kwetu, si ipo. Video zote zinasema toa jibu la kupendeza. Nikamwambia ipo, ni nzuri, miaka mitatu, ila nyumbani ada nalipa mimi nisipopata mfadhili, huku rezidenti analipwa mshahara miaka yote minne, na nikimaliza nataka mwaka mmoja zaidi wa uraibu. Akasema asante kwa kunijibu.

Ya nne na ya tano zilipita. Moja umeme ulikata nikamalizia kwenye simu na bando la mwisho. Waliniuliza unajitunzaje ukichoka, nikasema tunakaa barazani na mama tunachambua mchele, wakadhani ni aina ya meditesheni.

Intavyuu zikiisha unapanga listi ya programu unazozitaka, nazo zinapanga watu zinaowataka, alafu kompyuta inawaunganisha. Kwenye listi yako weka unayoipenda kweli juu, usijaribu kubahatisha nani anakutaka. Ule mfumo wa kompyuta umetengenezwa umpendelee anayeomba, ukiota ndoto ya juu na ukaikosa hupotezi nafasi yako ya chini, na Alvin Roth aliyesaidia kuutengeneza vile ulivyo leo alipata Nobel ya uchumi 2012, kwa hiyo wewe na rafiki yako wa WhatsApp msijifanye mmeona mwanya. Programu nazo haziruhusiwi kukuuliza umezipanga wapi. Mi ya yule wa sweta niliweka ya kwanza.

Majibu yanakuja Machi na wenyewe wanayaita Match, kwa hiyo nyumbani kwetu kulikuwa na mkanganyiko mwezi mzima. Jumatatu ya tarehe 17 Machi 2025, Ramadhani, niko jikoni nakaanga bagia, barua pepe ikaingia. Nikapiga kelele: mama nimemechi! Mama: umemechi na nini? Maana kwake kumechi ni kanga na mtandio. Jumatatu wanakwambia tu umepata, wapi unajua Ijumaa, kwa hiyo siku nne nilikuwa na nafasi isiyo na mji. Ijumaa tumeshafuturu, saa moja usiku, nikafungua. Chaguo la pili. Sio wa sweta. Nililia kidogo chooni alafu nikatoka nikiwa nacheka, na vyote viwili vilikuwa kweli.

Kwa viza ya J-1 unatakiwa kuwa na barua ya Wizara ya Afya ya kwenu kusema nchi ina uhitaji wa fani hiyo na kwamba umeahidi kurudi, na ukimaliza unatakiwa ukae nyumbani miaka miwili kabla hujaomba viza nyingine za kazi huko, labda upate msamaha wa kufanya kazi sehemu zao zenye uhaba wa madaktari. Nakala nilimpa mama asome. Alisoma pale penye uhitaji mara mbili, akavua miwani, akaniuliza kama anaweza kumwonyesha shangazi.

Fundi nilimuaga kidirishani. Akameza, akafungua mdomo, akauliza: "Huko nako wapo mateja?" Nikamwambia wapo, wengi. Akabeba nguo zake za watu begani. "Basi wasalimie."