Nilienda kuchangia damu nikarudi na homa ya ini

Dada yangu alikuwa anajifungua kwa operesheni, tukaambiwa ndugu waje wachangie damu, mimi nikawa wa kwanza kukunja shati. Siku chache mbele napigiwa simu, kaka unaweza kupita maabara? Nikajua tu ni ukimwi. Nilitoka Isevya kwa mguu mpaka hospitali, yani hata bodaboda sikukumbuka kama zipo. Kumbe ni homa ya ini B, na kwa ujinga wangu nikashukuru Mungu, nikadhani ndo ile homa ya manjano (hiyo ni ugonjwa mwingine kabisa, mtaani tunachanganya sana).

Shida ni kwamba nilikuwa siumwi popote. Nauza karanga, gunia nabeba mwenyewe. Kwa hiyo badala ya kufuatilia nikaenda kwa mzee mmoja wa dawa za miti, akanipa unga mchungu balaa, nikaunywa wiki tatu asubuhi na jioni. Nimerudi kupima, kile kipimo cha ALT (kinachoonyesha kama ini linaumia) kilichokuwa 36 kimefika 170. Dokta akaniuliza, unatumia nini? Nikaanza kujiumauma, akanisubiri tu mpaka nikasema.

Akageuza karatasi ya majibu akachora ini, akalijaza vidoti. Akasema hawa virusi wenyewe sio wanaoliharibu ini moja kwa moja, ni kinga ya mwili wako inapiga seli walizojificha, seli ikiumia ALT inavujia kwenye damu, sasa wewe umeongezea na unga usiojulikana ambao ini hilohilo ndo liuchakate. Halafu akachora mistari juu ya vile vidoti, haya makovu, yakizidi ini linakuwa gumu linasinyaa, hapo ndo mtu anajaa maji tumboni, na saratani nayo inaweza kuja. Nikamwambia mbona sisikii maumivu, akasema ini lenyewe kwa ndani halisikii maumivu, ukisubiri liume umechelewa.

Unga nikaacha, ALT ikashuka. Virusi bado wapo, na ikipita miezi sita wapo wanaita sugu. Wingi wao kwenye damu ulikuwa mdogo na ultrasaundi ikatoka safi, so sijaanzishiwa dawa, napima kila miezi sita. Pombe nimeacha. Na karanga zangu siku hizi nazichambua mwenyewe, zenye ukungu natupa hata kama ni hasara, maana sumukuvu, yani sumu ya huo ukungu, ikikutana na hii homa ya ini hatari ya saratani inapanda sana. Zamani hizo mbovu ndo tulikuwa tunasaga za nyumbani jamani!

Mama Zai alipimwa akawa hana, akachomwa chanjo tatu, ya siku hiyo, ya mwezi mmoja na ya miezi sita. Watoto walishapata kwenye zile sindano za wiki ya 6, 10 na 14, tulikagua kadi za kliniki. Mimi kwa hofu nilikuwa nimejitengea sahani na kikombe, akavirudisha kabatini, akasema dokta kakwambia tusichangie wembe na mswaki, sahani umeitoa wapi?

Kazi ikawa kwa mama yangu. Mtu mzima akiambukizwa mara nyingi mwili unawafukuza virusi wenyewe, lakini mtoto mchanga 9 kati ya 10 wanabaki nao, kwa hiyo dokta akahisi huenda niliwapata kwa mama wakati nazaliwa, akataka apimwe. Anao, na makovu yameshaanza. Akapewa tenofovir, kidonge kimoja kila siku, akagoma, maana ni dawa inayotumiwa pia na wenye VVU na jirani yake anaijua. Nikambembeleza wiki nzima wapi. Mwishoni akasema mwanangu, niondolee tu hiyo karatasi kwenye kopo. Nikaibandua kwa maji ya moto, sasa linakaa kabatini pembeni ya asali yake, na saa mbili usiku ananibip kwamba kameza.