Tanga la Chuma Uani mwa Chuo

Mwezi uliopita nilimsindikiza mpwa wangu kwenda kujisajili katika chuo kimoja hapa Mombasa. Foleni ya karo ilikuwa ndefu na joto lilikuwa kali, kwa hiyo nikamwachia karatasi zake, nikatoka kutafuta kivuli. Na baina ya karakana na maktaba, kwenye nyasi zilizokauka, nikalikuta tanga. Lilikuwa tanga la jahazi lililoundwa kwa vyuma chakavu, refu kiasi cha watu wawili, limejipinda kana kwamba upepo wa kusi umelijaza, na ingawa halikuwa na mlingoti wala chombo chini yake, yeyote aliyekulia karibu na Bandari ya Kale angelitambua mara moja.

Nililisogelea. Kulikuwa na vipande vya kontena, minyororo, gia za lori na, karibu na ardhi, propela ya boti iliyovunjika bawa moja. Kilichonishika zaidi ni mishono ya kuchomelea. Kule chini ilikuwa minene, imepinda, ina matone ya chuma yaliyoganda pembeni. Kadiri macho yangu yalivyopanda ndivyo ilivyozidi kuwa myembamba na kunyooka, hata kwenye ncha ilikuwa safi kama mshono wa kofia ya viua. Waliolijenga walijifunza kazi humo humo, na tanga limehifadhi hatua zote za mikono yao.

Msichana mmoja aliyekuwa ameliegemea akisoma aliinuka.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Nani aliyelitengeneza hili?”

“Wanafunzi wa karakana, lakini walishamaliza. Sisi tulilikuta tu.”

Pale alipokuwa ameegemea, chuma kilikuwa kimesuguliwa na migongo ya watu mpaka kikang’aa.

Katika mji wetu Waislamu wengi huona uzito kusimamisha sanamu ya kiumbe chenye uhai, na ndiyo maana ufundi wetu wa kuchonga uliingia milangoni, katika nakshi za maua na minyororo ambazo Mji wa Kale bado unazo. Vijana waliochagua tanga walijua wanaishi na nani. Tena sanamu ya mtu mmoja huleta mzozo wake: katika Chuo Kikuu cha Cape Town, sanamu ya Cecil Rhodes, mkoloni wa Kiingereza, iliyosimamishwa mwaka 1934 iliondolewa tarehe 9 Aprili 2015 baada ya wanafunzi kuikataa, na mimi naona walikuwa na haki, kwa kuwa anayepita mbele ya sanamu kila siku akienda darasani ana neno katika suala la nani ainuliwe juu yake.

Sanamu isiyo na uso huacha nafasi ya kufikiri. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, mahali ambapo mwanafizikia Enrico Fermi na wenzake walifanikisha mfululizo wa kwanza wa mpasuko wa nyuklia ulioweza kudhibitiwa, tarehe 2 Desemba 1942, pamesimama sanamu ya shaba iliyoundwa na mchongaji Henry Moore na iliyozinduliwa miaka 25 baadaye, siku kama hiyo. Wengine huona fuvu, wengine wingu la bomu. Sijawahi kufika huko. Hili la kwetu nimeligusa kwa mkono wangu, na mkono ulitoka na vumbi jekundu.

Hapo ndipo penye uchungu wangu. Zile pembe kubwa za ndovu zilizopinda juu ya barabara ya Moi Avenue hapa Mombasa zimesimama tangu miaka ya 1950, na hewa ya bahari haijazimaliza, kwa sababu ni za alumini, madini ambayo hujifunika yenyewe kwa ganda jembamba linalozuia kuliwa zaidi. Chuma hakina kinga hiyo. Kutu yake hubanduka, chumvi ikaingia ndani, ikala upya. Upande wa tanga unaoelekea baharini tayari una tundu linalopitisha kidole, na masika ikipita bila mtu kulishika, mishono ile ya chini, ambayo kwangu ndiyo ya thamani zaidi, itaachia. Dawa yake si ngumu wala ya gharama kubwa: brashi ya waya, rangi ya kuzuia kutu, na watu wachache wenye asubuhi moja ya Jumamosi.

Kuna jambo la pili, nalo halihitaji hata rangi. Sikuona kibao. Nilizunguka mara mbili nikitafuta jina, herufi, hata tarehe iliyokwaruzwa kwa msumari, sikupata kitu.

Nilimwambia mpwa wangu tukiwa kwenye matatu. Alinijibu, “Mjomba, niachie mimi.” Jana usiku alinipigia simu: mwalimu wa karakana anakumbuka kwamba walikuwa sita, na majina manne yameshapatikana.