Nilivyoifungua ibambasi yangu huku Igunga

Wakuu, shamba letu la mbuga huku Igunga lina kipande kama robo eka kilikuwa hakioti kitu kabisa, mvua ikipiga maji yanatuama juu yana rangi ya chai ya maziwa, jua likiwaka panabaki magamba jembe linadunda, na juu yake unga mweupe. Wenyeji wanaita ibambasi na ushauri wa kila mzee ni mmoja tu, achia ng'ombe.

Wengine walinambia ni chumvi hiyo, piga maji itaondoka. Kabla ya kupoteza nguvu nikachukua chupa mbili za maji, moja udongo wa ibambasi, nyingine udongo wa majaluba ya mpunga yanayozaa vizuri, nikajaza maji ya mvua nikatikisa nikaziacha mpaka kesho yake. Ya majaluba ilishatulia, maji maangavu juu, ila ya ibambasi bado tope tupu toka chini mpaka kwenye kifuniko. Nikachota maji yake kidogo nikatia unga wa manjano ya kupikia (binzari), ikageuka nyekundu ya kahawia hapohapo, yani pale kuna magadi, pH (kipimo cha uchachu na ubesi) imepanda kweli.

Sasa hapa ndo watu wengi wanachanganya. Chumvi ikiwa nyingi kwenye udongo wa mfinyanzi chembe zinashikana na kuzama, huo unaufua kwa maji tu unapona. Ila sodiamu, ile iliyomo kwenye magadi, ikishang'ang'ania kwenye chembe zenyewe, chembe zinasukumana, zinaelea, zikikauka zinaziba kila tundu. Ukimwaga maji matupu unatoa ile chumvi ya juu unaiacha sodiamu palepale, udongo unafunga zaidi ya mwanzo.

Dawa yake ni kalisiamu, nikatumia jasi, ndo hiyo mafundi wa siling bodi wanaita jipsamu, ila ya kusaga mbichi, inachimbwa hapo Itigi. Kalisiamu ina chaji mbili sodiamu ina moja, kwahiyo inaing'oa inakaa yenyewe, sodiamu inaondoka na salfeti ya hiyo jasi na hiyo chumvi mpya inayeyuka vizuri sana kwenye maji. Kuna jamaa alisema weka chokaa ni bei rahisi, sawa ina kalisiamu lakini kwenye udongo wenye magadi chokaa haiyeyuki, ingekaa tu.

Nilimwaga kama nusu kilo kwa kila mita ya mraba, nikachanganya na samadi, nikalima juujuu. Jasi nayo ni mvivu, lita moja ya maji inayeyusha gramu 2 na kitu tu, piga hesabu nusu kilo inataka zaidi ya lita 200, kwahiyo niliiweka mwezi wa kumi nikasubiri mvua zenyewe. Na mfereji wa kutolea maji upande wa chini ndo kazi iliyoniumiza mgongo kuliko zote, bila huo sodiamu inazunguka humohumo afu kiangazi inapanda tena juu.

Nikaanza na mpunga maana unavumilia magadi kuliko mahindi. Mbolea nikatumia SA (salfeti ya amonia), ila usiimwage juu ukaiacha. Jaribu hivi: chukua chembe chache za SA na magadi kidogo kiganjani, tia tone la maji usugue, utasikia harufu ya amonia inakukata pua. Hiyo ni naitrojeni yako inapaa, na kwenye udongo huu inatokea hivyohivyo, kwahiyo mi naifukia.

Mpunga wa kwanza ulikuwa wa hivihivi, mfupi na umeruka ruka, wa msimu uliofuata ndo ukaeleweka na jembe sa hizi linaingia. Kona ya chini bado inagoma, pale mfereji haukufika, mvua zikiisha nauendeleza afu naongeza jasi hukohuko tu.