Kadi ya ukurasa mmoja: ninavyotambua teknolojia inayofundisha na kuifikisha kwa mwalimu mwingine

Ninapomtazama mwalimu mwenzangu akifundisha kwa vifaa vya kidijitali, nakaa nyuma ya darasa. Ukikaa mbele unamwona mwalimu na projekta. Ukikaa nyuma unaona skrini za wanafunzi, na kazi yenyewe iko huko. Kabla ya kipindi nachagua wanafunzi watatu, kisha kila baada ya dakika 5 naandika kila mmoja anafanya nini: "anasubiri kifaa kiwake", "ananakili", "anabonyeza ovyo", "anambishia jirani jibu". Kipindi cha dakika 40 kinanipa maandishi 24 mafupi, na hayo yanatosha.

Cha kwanza kukiangalia ni muda kati ya "fungueni vifaa" na mwanafunzi wa mwisho kuanza swali. Ukizidi dakika 6, mbinu hiyo siiandikii kadi kwanza (kadi ni ukurasa wa maelekezo ninaompa mwalimu mwingine aiige mbinu), hata kama ni nzuri, maana atakayeiiga atapoteza dakika hizo hizo, pengine na zaidi. Mara nyingi kinachokwamisha ni nywila zilizosahauliwa. Tumia programu isiyodai akaunti, au akaunti ziwe zimeshafunguliwa kabla ya kengele.

Kisha najiuliza kama ubao na chaki vingefanya kazi ile ile. Skrini inayoonyesha ukurasa wa kitabu haijaongeza kitu. Ninachotafuta ni mambo ambayo chaki haiyawezi: kupata jibu la kila mwanafunzi kwa mara moja, kuonyesha kisichoonekana kwa macho, kumruhusu mtu akosee mara kumi bila kuharibu kifaa, kumrudishia msomaji sauti yake aisikie.

Uchangamfu wa darasa siuhesabu. Kila kifaa kipya huchangamsha, halafu huzoeleka. Kwa hiyo nahukumu somo la tatu au la nne, si la kwanza. Natoa maswali 3 kwenye karatasi kabla ya mada, na mengine 3 ya uzito ule ule wiki moja baadaye. Ukipima siku hiyo hiyo unapima kilichobaki masikioni. Matokeo yakipanda, bado siisifii programu. Richard Clark, mtafiti wa elimu, alitoa hoja mwaka 1983 kwamba chombo cha kufundishia ni kama lori linaloleta chakula: lishe haitoki kwenye lori. Wengi wamempinga, lakini kwa kazi hii ananisaidia. Kinachoandikwa kwenye kadi ni kitendo cha mwalimu. Jina la programu linakuja mwishoni.

Chukua kura ya darasani. Plickers, programu ya kukusanya majibu ya darasa zima, inahitaji simu moja tu, ya mwalimu. Kila mwanafunzi ana kadi ya karatasi yenye alama yake ya pekee. Akiishika upande wa A, B, C au D juu, kamera inasoma jibu. Ukimwambia mwenzako "tumia Plickers", atauliza maswali ya kukumbuka tarehe na kuishia na mchezo wa kupiga kura. Kadi yangu ya maelekezo inasema hivi: andika swali moja ambalo majibu yake mabaya yanatokana na makosa halisi ya wanafunzi. Dakika 1 ya kufikiri kimya. Kura. Waliopata wakiwa kati ya asilimia 30 na 70, kila mmoja amtafute jirani mwenye jibu tofauti wabishane dakika 2 au 3, kisha kura ya pili. Chini ya 30, fundisha upya. Juu ya 70, fafanua kwa ufupi uendelee. Utaratibu huu ni wa Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, na unafanya kazi hata kwa vidole vya mkono.

Panapoharibika zaidi ni hapa: mwalimu anaonyesha grafu ya kura ya kwanza kabla ya mjadala. Wote wanahamia kwenye nguzo ndefu, hakuna tena cha kubishania. Zima projekta, au funika lenzi kwa karatasi. Mengine ni ya mikono: kadi zilizopakwa plastiki inayong'aa hurudisha mwanga na kamera haizisomi, vidole hufunika pembe za alama, mwalimu akielekea dirishani, kadi zinaingia gizani.

Maigizo ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado, yaani majaribio ya sayansi yanayoigizwa kwenye skrini, yana kadi fupi zaidi. Mengi ya sasa hupakuliwa kama faili moja la HTML (la ukurasa wa wavuti) na kufunguliwa kwenye kivinjari bila intaneti. Kwa saketi za umeme, wape dakika 5 za kuchezea bila maelekezo, la sivyo watachezea wakati wa swali. Baada ya hapo waandike utabiri kwa kalamu: mkondo baada ya balbu utapungua au utabaki ule ule? Asiyeandika kwanza huona mita ikisoma sawa na kusema alijua.

Kadi nzima haizidi ukurasa mmoja: kosa la wanafunzi linalolengwa, swali lenyewe neno kwa neno, dakika za kila hatua, vifaa na idadi yake, mahali panapoharibika, na cha kufanya umeme ukikatika. Naambatanisha video ya sekunde 90 ya hatua ngumu peke yake, kamera ikitazama mikono na skrini, si nyuso za watoto. Kwa kasi ya megabiti 1 kwa sekunde inakuwa na takriban megabaiti 11, simu ya kawaida inaimudu. Nikikopa zoezi la mtu, naangalia leseni yake na kuandika jina la mwenyewe.

Kadi siisambazi kwa walimu wote papo hapo. Nampa mmoja, wa darasa tofauti na langu, naye halazimiki kunisifu. Kila swali analonipigia simu kuniuliza ni kasoro ya kadi, si yake; jibu lake linaingia kwenye toleo linalofuata. Akifanikiwa, chini kabisa naandika alichobadilisha na sababu, na hiyo ndiyo sehemu ambayo walimu wengine huisoma kwanza. Kila mwaka nafuata hatua zote upya kwa akaunti mpya, maana programu huhamisha vitufe na huduma za bure hugeuka za kulipia. Kadi isiyofuatika tena naiondoa.